Majogoo Miguu Juu

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipata popote, hata leo nikiwa mama wa watoto watatu, hunirudisha utotoni.

Mama alikuwa fundi cherehani, kibarazani kwetu Chapwa, Tunduma, na wateja wake walikuwa wa kila lugha. Wazambia walimwita tela. Dereva mmoja wa Msumbiji alimwita alfayate, nami nikalirudia neno hilo kutwa nzima hadi nikatishiwa kofi. Mama Bea, mfanyabiashara wa Kongo, alimwita tayeri, akanieleza kuwa kwa Kifaransa chao asili yake ni kukata. Hilo liliniingia kweli. Nilikuwa na miaka kumi, najua kushona vifungo na kukunja pindo, ila mkasi nilikatazwa. Kumbe kwa wenzetu asiyekata si fundi!

Siku hiyo Mama Bea alileta kitenge chenye picha za majogoo, sare ya harusi ya bintiye huko Lubumbashi. Kwetu hakikupatikana. Angelifuata gauni saa kumi, kisha apande lori arudi kwao. Mama akampima, halafu akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta uzi wa kufanana nacho.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikakunja kitenge ncha kwa ncha, nikaweka juu gauni kuukuu alilotuachia Mama Bea kama mfano, nikakata tabaka mbili kwa mpigo huku najisifu kimoyomoyo. Nilipofunua, majogoo wa mbele walisimama vizuri. Wa nyuma walikuwa miguu juu, vichwa chini. Fundi yeyote atakuambia kitenge cha picha hakikunjwi hivyo. Mimi sikuambiwa kwa sababu sikuuliza. Nikakigeuza, nikakigeuza tena, majogoo wakakataa.

Mama aliporudi alikitazama, akakaa, akashona vilevile. Heri angenichapa. Kila lori lililofunga breki barabarani nilidhani limemleta mwenye gauni.

Saa kumi Mama Bea akafika, akalivaa, akajigeuza kwenye kioo.

“Nani alikata hii?”

“Nimekata mimi, dada,” mama akajibu.

Mama Bea alisema ataingia harusini kwa mwanawe na aibu mgongoni. Akaondoka nalo, maana hakuwa na sare nyingine, na hatukumwona tena. Wakongo wenzake nao wakapotea mmoja mmoja.

Kesho yake asubuhi, baada ya siku ile ya majogoo, mama alitandika mezani kitenge chake mwenyewe, alichokiweka kwa ajili ya Pasaka, akanitia mkasi mkononi.

“Kata.”

Nililia, nikamsihi anichape yaishe. Akasimama tu pale. Nikakata, machozi yanadondokea kitambaa, nikiamini hakuna adhabu ya kikatili kuliko ile.

Niliamini hivyo hadi majuzi, binti ninayemfundisha ushonaji alipoharibu suti ya mteja. Nilimkaripia palepale, mteja akisikia. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nilipomfuata kwao, mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia mwanawe hataki hata kuuona mkasi. Mimi mama alinitia mkasi mkononi kesho yake tu.