Starehe za Bure za Fundi Cheche

Ukimuuliza Cheche mji huu una raha gani, atakuuliza kwanza mfukoni una nini. Ukimwambia una hela, atakuonyesha kwa kidevu upande wa mabango na taa za rangi, aendelee na kazi yake. Ukimwambia huna kitu, hapo atakuchangamkia. Atavuta kigoda, atakukalisha, na utaondoka pale jioni ukijiona mjinga kwa miaka yote uliyoishi mjini hujui kitu.

Ni fundi wa kuchomelea. Mageti, magrili ya madirisha, vitanda vya chuma, vyote hivyo vinapita mikononi mwake. Jina la Cheche alipewa kazini, na nadhani la kuzaliwa analikumbuka mama yake peke yake. Wengine husema alipewa kwa moto wa mashine, wengine kwa moto wa mdomo, maana mtu huyu akikasirika hata mashine huonekana imepoa. Mkewe alimwacha kwa sababu ambazo Cheche huzieleza hivi na mama Kidoti huzieleza vile. Mimi sikuwepo, na aliyekuwepo asijifanye alielewa.

Kidoti ndiye mtoto wao, wa pekee. Walipoachana walipelekana ofisi ya ustawi wa jamii, wakakaa mbele ya mama mmoja mwenye miwani, mtu mzima, aliyewasikiliza mpaka walipochoka wenyewe kutupiana maneno. Kisha akaamua. Mtoto atakaa kwa mama, Jumapili ni za baba, alimradi mtoto mwenyewe anapenda. Siku akisema hataki, asilazimishwe. Cheche alitoka pale akicheka. Nani amlazimishe Kidoti kutoka na baba yake? Labda wangelazimika kumlazimisha arudi.

Na kwa kweli ilikuwa hivyo, miaka na miaka. Jumapili asubuhi Kidoti alikuwa keshavaa viatu, amekaa kizingitini, na mama yake nyuma anasema chai haijanywewa. Wakianza kuzunguka wamezunguka. Kwanza duka la samani, lile kubwa la vioo, ambako mlinzi alizoeana na Cheche tangu alipomtengenezea mlango wa nyumbani kwake. Humo walikuwa wanakaa kwenye sofa la kijani, miguu wameinyoosha, wanajifanya matajiri waliochoka. "Mama watoto hajarudi?" Cheche anauliza. "Yuko Ulaya, amefuata sindano," Kidoti anajibu, na wote wawili hawacheki, maana anayecheka kwanza ameshindwa.

Wakitoka hapo ni lifti ya kioo katika jengo la maduka, ile inayopanda kwa nje. Hiyo ina ufundi wake. Unaingia ukiupa mji mgongo, unafumba macho, na unageuka ikishafika juu, siyo kabla. Halafu bustani ya manispaa, ambako maharusi huja kupigwa picha. Baba na mwana wanakaa kwenye benchi na kuwapa maksi. Cheche alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. "Suti ile kaazima, tazama mabega yanavyoning'inia. Nne." Kidoti alikuwa na huruma, kila bibi harusi alimpa kumi, na aliyelia alimwongezea.

Mwisho kabisa ni uzio wa uwanja wa ndege. Nyuma yake kuna kichuguu cha udongo uliomwagwa na wajenzi wakasahau kuuondoa. Hapo walikaa na karanga zao, ndege ikishuka wanasimulia aliyemo ndani. Yule wa dirisha la mbele anarudi kumwomba mkewe radhi, ila zawadi kaisahau kwenye choo cha ndege. Yule wa nyuma ana meno ya bandia na hayajamkaa vizuri. Kidoti alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, na Cheche, mtu wa hasira, wiki nzima alikuwa akichomelea huku anatafuta watu wa kuwapandisha ndege ya Jumapili.

Mama Kidoti akaolewa tena. Mume mpya ni mhasibu, mtu wa shati la kuchomekea, mpole, sauti ya chini, wa kuomba samahani hata akikanyagwa yeye. Ungetaka kumchukia ungekosa pa kushika. Cheche alijaribu, akakosa. Basi akamdharau kidogo, akaridhika.

Mchana mmoja huyo Mhasibu akaja karakana. Akasimama mbali na moto, anangoja Cheche avue miwani.

"Kaka, samahani kukuvamia kazini."

"Karibu. Unataka geti?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Cheche akaweka chini kila kitu. "Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Tatizo ni mimi. Tunakaa nyumba moja, lakini nikimuuliza neno ananijibu kama anajibu mtihani. Nimempeleka kwenye mabembea ya umeme, nimempeleka bwawani kuogelea. Tukirudi, 'asante anko', anaingia chumbani. Sasa Jumapili akitoka kwako hafungi mdomo mpaka usingizi umchukue. Nifundishe, kaka. Mnakwenda wapi?"

Jamani. Mtu amenyang'anywa mke, amenyang'anywa siku sita za mwanawe, halafu aliyevichukua anakuja na viatu vyake vilivyong'arishwa, anasimama kwenye vumbi la chuma, anasema wewe unajua na mimi sijui. Nani kati yetu asingevimba kichwa? Na wala hakikuwa kilemba cha ukoka, hapo ndipo pabaya. Mtu yule alikuwa anasema kweli tupu.

Fundi baiskeli wa jirani, rafiki yake Cheche, alikuwa anasikia yote huku anajifanya anatafuta pancha. Akamvuta pembeni. "Mwambie mnashinda ndani mnacheza karata."

"Mtu mzima kaja kwa heshima, nimdanganye?"

"Mdanganye kwa heshima."

"Wewe naye. Hata akipajua mahali, mdomo wangu ataupata wapi?"

Akanawa mikono, akavaa shati la akiba, akapanda gari la Mhasibu. Alimzungusha kote. Akamtambulisha kwa mlinzi wa duka: "Huyu ni mtu wangu, akija mfungulie." Akamfundisha lifti, lini afumbe, lini ageuke. Akamkalisha kwenye benchi la bustani. Na kule kwenye uzio, ndege iliposhuka, akamwambia haya, niambie nani yumo ndani.

Mhasibu akafikiri sana. "Labda ni mfanyabiashara."

Cheche alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mfanyabiashara gani sasa? Mpe shida, bwana. Mpe mama mkwe. Mpe kitu kinachomwasha."

Mhasibu akakunja uso, akaitazama ndege ya pili, akasema taratibu kwamba mle ndani kuna bwana aliyewaambia kazini kwamba amefiwa na bibi yake, na kwenye kiti cha pembeni yake amekaa bosi wake. Cheche akapiga paja. Alicheka kwa dhati, akampa mkono, akamwambia umeiva. Alirudi karakana kifua mbele, na siku nzima iliyobaki alimcheka fundi baiskeli kwa roho yake ndogo.

Jumapili iliyofuata Kidoti alitoka mbio getini. "Baba, kumbe anko naye anaijua lifti. Jana tumeenda. Na uzioni ametunga mtu, baba, mwenye bosi—"

"Namjua huyo," alisema Cheche. Akacheka, lakini meno tu.

Kumbuka Mhasibu ana gari, na Jumamosi hafanyi kazi. Cheche Jumamosi yuko kwenye moto mpaka jioni, ndiyo siku ya wateja. Kwa hiyo kila alichokwenda nacho Jumapili kilikuwa kimeshaliwa jana yake. Kidoti hakununa, maskini, hakuwa mtoto wa kununa. Alikaa kwenye kichuguu, akatafuna karanga, akacheka palipostahili kucheka. Cheche akakijua kicheko kile. Ndicho alichokuwa akipewa Mhasibu zamani, cha asante anko.

Kisha Jumapili moja wakaingia duka la samani, sofa la kijani halipo. Mahali pake pamewekwa kabati. Cheche akaenda kwa mlinzi kuuliza, kidogo aanze kugomba. Kidoti akamvuta shati.

"Tunalo nyumbani, baba. Anko kalinunua. Sasa tunacheza hata siku za shule."

Siku ile Cheche hakulala. Amkasirikie nani? Mtu amenunua kiti dukani, tena kwa hela yake. Utamshitaki wapi, na utasema nini? Kwamba nilikuwa nakikalia?

Akapiga moyo konde, akaanza kutafuta mahali papya. Aliuliza wateja, aliuliza makondakta, hata fundi baiskeli alimuuliza, na huyo, nimsifu kwa hili, hakumkumbusha lolote. Akampeleka Kidoti kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya reli, wapungie treni. Kumbe Jumapili treni hazipiti. Walisimama juani wakatazama reli tupu, mfuko wa karanga umeisha. Kidoti akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mwingine kubeba mzigo, "Anko angeangalia kwanza ratiba."

"Basi nenda kwa anko wako," Cheche akafoka. "Nenda ukakae kwenye sofa lenu."

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Mtoto alilia bila sauti njia nzima, akiutazama upande wa dirisha la basi, na Cheche, aliyekuwa na neno kwa kila abiria wa kila ndege, hakupata la kumwambia mwanawe mwenyewe. Walipofika getini alisema tu, "Jumapili basi." Kidoti akaitikia kwa kichwa.

Jumapili alifika mapema, kanyoa ndevu. Kizingitini hapakuwa na mtu. Alibisha hodi, akabisha tena. Kidoti akatoka na ndala, nywele hazijachanwa, akasimama upande wa ndani wa geti, geti ambalo Cheche mwenyewe aliliunga.

"Baba, leo sitaki kutoka."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Jana tulizunguka sana."

Neno la yule mama wa miwani likamjia lote kama lilivyosemwa. Asilazimishwe. Angeweza kuomba radhi pale pale, na maneno alikuwa ameyapanga tangu kitandani, lakini Mhasibu alikuwa ametokea barazani na gazeti, anamsalimia kwa heshima zake zile zile.

"Lakini unaweza kuja na sisi," Kidoti akasema haraka. "Jumamosi. Nilimuuliza anko, kasema siti ya nyuma ipo. Utakaa na mimi."

"Jumamosi nina kazi."

"Sawa," alisema Kidoti. Alilisema upesi, na uso ukamlegea, akaanza kurudi ndani. Cheche alimtazama mgongo ule mdogo unavyokwenda zake, bila kinyongo, bila kugeuka. Akaona kwamba wiki ijayo hatatoka hata kuja kusema sitaki.

"Kidoti. Waambie nitakuja."

Mama Kidoti alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakumcheka. Afadhali angemcheka. "Basi uwe hapa saa tatu," alisema. "Usichelewe, Cheche. Mwenzio hapendi kungoja."

"Sawa, mama Kidoti."

Jumamosi ile wateja walikuta karakana imefungwa. Saa mbili na nusu Cheche alikuwa tayari amesimama kando ya gari la Mhasibu, ameshika mfuko wa karanga, anangoja afunguliwe mlango wa nyuma.