Kitabu cha Umeme Saluni

Mdogo wangu ni msusi, na vidole vyake havina mpinzani mtaani. Lakini kusuka kumemchosha; anataka kuwa fundi umeme. Nilipomuuliza nywele na umeme wapi na wapi, akanijibu, "Dada, akili ni nywele, kila mtu ana zake." Saluni yenyewe ni yetu wote wawili.

Shida ilikuwa vidonge. Ana kifafa, na tangu daktari ambadilishie dawa hajaanguka tena, ila zilimletea usingizi wa kukoroma mchana kweupe. Akifungua kitabu, hata ukurasa haujaisha, kichwa hicho mezani. Alinawa maji baridi, wapi! Alisoma amesimama, akasinzia ameegemea mlango, wateja wakashindwa kuingia. Chai ya rangi ilimpeleka chooni tu. Daktari alishasema usingizi utapungua mwili ukizoea, na dawa asiache hata siku moja. Lakini mtihani wa ufundi umeme haungoji mwili uzoee.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba akisuka hasinzii. Basi kitabu tukamkabidhi mteja: anasukwa huku anasoma kwa sauti. Wapo walionuna, wamekuja na umbea wao wa moto halafu wanasomeshwa habari za fyuzi. Wengine walisinzia wao, maana kusukwa nako kunabembeleza, ikawa kazi yangu kuwafinya. Mke wa mwenye bucha alinogewa hadi akaenda kumgombeza mumewe kwa ajili ya waya wa friji uliochubuka.

Wiki ya mtihani nikamwona mdogo wangu amechangamka kupita kiasi. Anasoma amekaa, macho kodo.

"Wewe, vidonge umemeza?"

"Nitameza nikimaliza mtihani. Siku chache tu, dada."

Nilipandwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na woga. Mara ya mwisho aliangukia sufuria ya maji ya moto, na mimi ndiye niliyemwinua. "Fundi aliye kaburini atamuungia nani taa?" nikamfokea. Akalia. Nami nikalia. Tukampigia daktari, akamrudisha kwenye dawa palepale, na mteja aliyesukwa upande mmoja ndiye aliyemletea maji ya kumezea.

Siku ya mtihani alimeza mbele yangu, kisha akanifungulia mdomo nikague. Alifaulu, tena vizuri tu, ila hayo tuliyajua baadaye. Jioni ile alirudi na alama ya ukingo wa dawati shavuni.

"Nimelala swali la mwisho, dada. Lote."

Nikampapasa kichwa, viwiko, magoti. Hakuna jeraha.

"Mbona huniulizi mtihani umekwendaje?"

"Mtihani nimewaachia wasahihishaji," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe."