Jina, Baba na Mji

Rahmati, karani wa taipu, alimjua mwanasheria wake zaidi kwa mikono: mikavu, yenye wino kwenye kucha, isiyogonga muhuri kabla ya kuupulizia pumzi mara mbili. Tangu kimbunga kiezue mapaa ya mji wa Mutsamudu, mwanasheria huyo mwandamizi wa serikali, aliyeletwa kutoka mji mkuu, Moroni, kusimamia sheria ya dharura, alihamishia ofisi yake bandarini, kwenye ghala la misaada. Awe kuli awe gavana, hakuna aliyechukua hata turubai bila kuulizwa kwa upole ule ule: “Jina lako, la baba yako, na mji wako.” Kisha atie saini.

Asubuhi moja akaingia mamluki wa Kizungu, bastola kiunoni, akataka jenereta ya hospitali ipelekwe kambini kwao. Rahmati akaacha kupiga taipu. Mwanasheria akaupulizia muhuri, mara mbili.

“Hewala, bwana. Jina lako, la baba yako, na mji wako.”

“Kamanda Idrisa.”

“Hilo jina mmepeana huko kambini. La baba yako?”

Mzungu akaikodolea macho karatasi ya kutia saini, kalamu mkononi. Akaitua kalamu, akatoka bila jenereta.

Nesi wa hospitali hiyo, ya Hombo, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akasogea mezani, akayataja yote matatu kwa sauti, hata makuli nje wakasikia.