Wivu wa Shangazi Kando ya Tangi la Barafu

Saa kumi na mbili asubuhi, Shangazi anapiga deki korido ya kituo cha mazoezi. Akifika kwenye mlango wa chumba cha tangi, mkono unapunguza mwendo wenyewe. Ndani, mkimbiaji mmoja amezama hadi mabegani kwenye maji ya barafu, meno yanagongana, na mtaalamu wa viungo amechuchumaa pembeni akimhesabia pumzi.

"Anahesabu haraka mno," Shangazi ananong'ona, kisha anakohoa kama mtu aliyefumaniwa akidokoa nyama jikoni. "Hilo usiandike. Au andika tu, wananijua."

Wanamjua kweli. Kuanzia meneja hadi mlinzi wa geti, wote wanamwita Shangazi. Ana miaka hamsini na minne, mwili mwembamba na mdomo mwepesi. Aliajiriwa hapa miaka kumi na moja iliyopita kufanya usafi. Tangi lilipoletwa hakuna aliyejua la kulifanyia, likaishia kulowekewa mataulo. Kocha mmoja ndiye aliyemwomba alijaze maji na barafu, wakimbiaji wakae humo baada ya mazoezi makali ili misuli ipoe. Kazi ikamkaa mwilini, akaongezewa na posho, theluthi nzima ya mshahara wake.

"Kumwaga barafu hata wewe unaweza," anasema. "Kazi ni kumfanya mtu asitoke mbio. Mwili unapiga kelele, akili inatafuta mlango. Mimi nilikuwa nawaambia, toa pumzi taratibu kama unapuliza chai ya moto, hesabu na mimi. Ukifika ishirini baridi bado ipo, ila haikutishi tena."

Aliyemsikiliza kuliko wote ni binti wa mbio ndefu ambaye wenzake wanamwita Kijiti. Miaka miwili iliyopita alianguka mbele ya uwanja mzima, hatua chache kabla ya kumaliza. Baada ya hapo akawa hatoki kitandani. Shangazi alimfuata bwenini, akamwambia hamwiti akakimbie, anamwita akakae majini dakika mbili tu. Kesho yake mbili tena. Mwezi wa pili walikuwa wamefika dakika nane, na Kijiti amerudi uwanjani.

"Wanangu wote ni wanaume," anasema Shangazi. "Yule ndiye binti niliyempata uzeeni."

Halafu mwaka jana akaja mtaalamu, na cheti chake, kipimajoto chake na saa ya kuhesabia sekunde. Ni dada mpole, hodari, anayemwamkia kila mtu. Hapo ndipo palipomuuma Shangazi.

"Angekuwa na dharau ningepumzika," anasema. "Ningemchukia vizuri, yaishe."

Meneja alimkabidhi mtaalamu usimamizi wa tangi, Shangazi akabaki na kumwaga barafu. Kijiti akaanza kucheka na mtaalamu vicheko ambavyo Shangazi hakuambiwa vinahusu nini. Siku moja redioni, Kijiti akiwa ameshinda, mtangazaji alimuuliza nani alimjenga akili. Akajibu, "Mtaalamu wangu wa viungo." Shangazi alikuwa anakamua tambara.

"Nilisubiri anitaje mpaka wakaingiza tangazo la sabuni. Nisikufiche, nilimwonea wivu yule dada. Wivu wa kunikaba roho. Nikiwasikia wanacheka, hata chai hainishuki."

Chumba cha tangi kina utaratibu wake. Mfuko wa barafu ukishamwagwa, ule mtupu unatundikwa kwenye chuma cha kupandia tangini. Anayeingia anahesabu mifuko, anajua barafu iliyokwisha kuingia. Ikifika minne, basi. Shangazi ndiye aliyeuanzisha, na ndiye aliyemfundisha mtaalamu siku yake ya kwanza.

Asubuhi moja Shangazi alimwaga mifuko minne, akangoja barafu iyeyuke. Kisha akaishusha ile mitupu, akaikunja, akaificha stoo. Kipimajoto akakitia kwenye mfuko wa aproni.

"Nilitaka akwame," anasema, macho yakiwa kwenye ndoo. "Aje koridoni aniulize, Shangazi, nisaidie, barafu imeingia kiasi gani? Aniulize mbele ya Kijiti. Nilichotaka ni hicho tu."

Hakuulizwa. Mtaalamu alitafuta kipimajoto, akakikosa. Akachovya mkono, maji ni ya baridi, lakini ya bomba asubuhi nayo huwa ya baridi. Akatazama chuma, hakuna mfuko hata mmoja. Akaamini alivyofundishwa, kwamba barafu bado haijaingia, akamwaga minne mingine mwenyewe.

Mwisho wa korido Shangazi alikuwa akisubiri kuitwa, akifuta dirisha lile lile kwa mara ya tatu. Akamsikia Kijiti, aliyekwisha kuingia majini, anahesabu. Alipofika tisa akasema tisa tena, na tisa nyingine, kisha maneno yakaanza kumlegea mdomoni. Shangazi akatupa tambara, akakimbia.

Walimtoa wawili, yeye na mtaalamu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na vidole havikuweza kushika taulo. Walimfunika mablanketi, na ilipita karibu saa nzima kabla hajaweza kushika kikombe mwenyewe. Alipona, lakini daktari alimzuia kukimbia wiki mbili. Mashindano aliyoyaandalia mwaka mzima yalikuwa siku ya tisa.

Ofisini, mtaalamu alilia na kubeba lawama zote. "Nitakuwa nilihesabu mifuko vibaya," alisema. "Ni mimi." Meneja alikuwa ameshavuta karatasi ya kumwachisha kazi.

"Mkono wangu uko kwenye aproni, umeshika kipimajoto," anasimulia Shangazi. "Nikajua nikinyamaza, huyu anaondoka leo na tangi linarudi kwangu. Kila nilichokililia kilikuwa pale mezani. Nikakitoa kile kidude. Nikasema, hiki hapa, na mifuko nimeikunja mimi."

Hakufukuzwa. Anajua sababu, na inamkera kidogo: mtaalamu alimwombea. Aliondolewa kwenye tangi na posho ikakatwa.

Kijiti hakumtukana. Alimfuata koridoni, akamuuliza, "Shangazi, wewe si ndiye uliyeniambia nisiogope yale maji?" Hakungoja jibu. Ni miezi mitatu sasa, anamwamkia na kupita.

Je, wivu umeisha? Shangazi anacheka hadi anaegemea fagio la maji. "Uishe uende wapi? Juzi wamenunua viatu vya rangi moja. Unadhani sikuona?"

Lakini ana mpango, na amemweleza mtu mmoja tu, mtaalamu mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kuingia kwenye tangi, hata mguu. Ameshapimwa presha, daktari amemruhusu dakika mbili. Jumamosi, wakimbiaji wakimaliza, anaingia.

"Sitafuti kupona chochote," anasema. "Nataka nijue nilimtia wapi mtoto wa watu."

Mtaalamu hakuweza kuficha siri hiyo, akampenyezea Kijiti. Kijiti hakusema atakuja. Aliuliza saa ngapi.

Shangazi amelirudia jambo hilo mara nne tangu asubuhi, kila mara akijionya asilitegemee. Anainamisha kichwa, anaanza upya kipande cha sakafu ambacho tayari kinang'aa.

"Akija," anasema, "simwombi aniguse wala anisamehe. Akae tu aone natetemeka."