Rovu la Mama

Harufu ya maua ya langilangi ilishuka kutoka kwenye matanuri ya kuyachemshia ili kutoa mafuta, ikaingia mpaka chumbani nilimolala na mama, huko mjini Mutsamudu, kisiwani kwetu. Wafaransa walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa msimu wa harusi ya dada yangu Zaliha. Kwetu nyumba ni ya binti mkubwa: baba alishamjengea ghorofa ya mawe, na dhahabu yote ya mama ilimngoja yeye. Chanda chema huvikwa pete. Mimi nilikuwa kidole cha mguu. “Wewe utapewa banda la kuku,” Zaliha alinitania, “na jogoo ndiye bwana harusi.” Shangazi zetu wakacheka hadi wakashika mbavu. Husemwa hasidi hana sababu, lakini mimi nilikuwa nayo.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Mama alikuwa na rovu shingoni, kubwa kama papai changa, akilificha kwa shiromani, shuka wanayojitanda wanawake wa kisiwa chetu. Mimi peke yangu nilijua kwamba hawezi kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea mto wa sufi, na mimi ndiye niliyeuweka.

Asubuhi moja, mama akipepeta mchele wa harusi, rovu lilivimba ghafla, likawa gumu kama jiwe. Pumzi yake ikatoa mluzi. “Ni jicho hili!” alilia mama mdogo. “Nani kamtia jicho?” Hakuna aliyenitazama, nami nilihisi wote wananitazama. Wakamlaza chali ili wamsomee, kichwa mapajani mwa Zaliha. Mama akaninyooshea mkono. Nilijua anataka kuketi. Lakini nilipoona vidole vya dada vikimpapasa nywele, nikasema moyoni: haya, mwenye kila kitu amtunze. Nikanyamaza mpaka midomo ya mama ikabadilika rangi, ndipo nikapiga kelele: “Mketisheni!” Wakamketisha. Daktari alipofika, mama alikuwa ameshakata roho.

Daktari alisema damu ilivuja ndani ya rovu, likabana njia ya pumzi. Kama kuketi mapema kungemwokoa, hakusema, nami sikuuliza.

Sasa naishi Moroni, na mwenye rovu hupelekwa hospitali. Mwenye jicho hatafutwi sana. Nikienda kwa Zaliha, huniketisha mbele ya wageni. “Huyu mdogo wangu ndiye pekee aliyejaribu kumwokoa mama,” huwaambia, kisha hulia. Nyumba yake na dhahabu yake sizitamani tena. Ninachomwonea wivu ni kile kilio.