Fundi Ngozi Aliyeapa Kunyamaza

Fundi ngozi alikuwa ameoga mara nne tangu alfajiri, na bado mkewe alimnusa shingoni kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni.

Miaka thelathini na mitatu ya kuloweka ngozi kwenye chokaa, kukwangua manyoya na kulainisha haiondoki kwa sabuni ya mche. Mtaani alijulikana kabla hajaonekana. Majirani walisema upepo ukigeuka, ameshapiga hodi. Mwenyewe wala hakuona haya. Aliipenda kazi yake kuliko wengine wanavyowapenda jamaa zao, na ukimuuliza ni saa ngapi, alikueleza habari za pipa la tatu. Hilo ndilo lililomtia mkewe kiwewe siku hiyo. Wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yao walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza, na mama wa kijana alisifika kwa kupangusa viti vya watu kabla ya kuvikalia.

"Baba watoto, leo ngozi usiitaje," mkewe akamwonya. "Wala pipa, wala manyoya. Wakikuuliza kazi, sema una karakana."

"Karakana ya nini?"

"Sema karakana, halafu nyamaza."

"Baba, tafadhali," binti akaongeza akiwa mlangoni. Binti huyo hakuwa mtu wa kuombaomba, na mzee alimpenda mno. Akaapa.

Wageni walifika saa kumi kamili. Mama wa kijana akapangusa kiti. Kijana na binti wakakaa wakilitazama zulia kama lina maandishi. Baba wa kijana, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, mrefu, kalamu mbili mfukoni, hakumaliza hata salamu. Alikuwa anaandika kitabu kizima kuhusu neno moja la Kiingereza, "pure", na alikuwa mwaka wa sita.

"Maana yake safi," akasema, "lakini si safi ya kufagia. Ni safi isiyochanganyika na kitu. Maziwa yasiyotiwa maji. Dhahabu tupu. Moyo usio na hila. Warumi walikuwa nalo, Wafaransa wakalirithi, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa, na hakuna aliyerudisha."

Mke wa mwalimu akapiga mwayo kwa siri, mwayo wa mtu mwenye mazoezi.

"Baba, chai inapoa," kijana akajaribu.

"Iache ipoe. Kuna maana moja imenishinda. Watengeneza ngozi wa London, zamani, walikuwa na kitu chao kazini wakikiita 'pure'. Kitu gani? Ukurasa ule wa kamusi yangu umeliwa na mchwa. Nimeuliza hata watu wa vyuo, wapi!"

Fundi ngozi akaweka kikombe chini. Alikuwa analijua jibu. Bosi wake wa kwanza alikuwa na kitabu cha zamani cha kazi hiyo, na alimsomea kila mchana wakisubiri ngozi zikauke. Chini ya meza mkewe akamkanyaga mguu, akaukandamiza hapo hapo.

"Mzee mwenzangu, umepaliwa?" mwalimu akauliza.

"Hapana."

"Au unajua?"

"Nina karakana," akasema fundi ngozi, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango.

"Ya nini?"

Akamtazama mkewe, akamtazama binti. Kiapo ni kiapo. Lakini mtu mzima mwenzako ahangaike miaka sita, na jibu umelikalia wewe! Huo nao ni uchoyo.

"Ni mavi ya mbwa," akasema.

Kijiko cha mtu kikaanguka. Mzee hakukisikia, alikuwa ameshafunguka. "Ngozi ikitoka kwenye chokaa huwa ngumu. Wale wazee waliikanda ndani ya mavi ya mbwa na maji ya uvuguvugu. Chokaa inatoka yote, ngozi inalainika, unaikunja kama leso! Kwa vile yalisafisha, wakayaita 'pure'. Kulikuwa na watu kazi yao kuokota barabarani, na ndoo mkononi!"

Mama wa kijana akaitazama biskuti aliyopewa kwa mkono wa fundi ngozi. "Na wewe unayatumia?"

"Siku hizi tunatumia unga wa dukani, mama."

"Na zamani?"

Fundi ngozi akamtazama mkewe. "Zamani ilikuwa zamani."

Binti akaanza kulia kimyakimya. Mwalimu hakuona, alikuwa amesimama, anaandika. "Rudia hapo kwenye ndoo. Karakana iko mbali?"

"Nyuma ya ukuta huu."

Wakatoka wameshikana mikono, kama wamezaliwa pamoja.

"Mama, tusamehe," mke wa fundi akaanza. "Tulimkataza..."

"Hebu subiri." Mgeni alikuwa ametega sikio ukutani. Ilisikika sauti ya fundi ngozi, peke yake, ikieleza na kueleza. "Mume wangu amenyamaza. Mnasikia? Anamsikiliza mtu!" Akashusha pumzi. "Miaka sita neno lile nimelibeba mimi. Asubuhi, mchana, mpaka kitandani. Harusi iwe mwezi ujao. Sharti langu ni moja: mwalimu awe anakuja hapa kila siku."

"Atarudi na harufu, mama," binti akasema, machozi bado mashavuni.

Mgeni akaitia biskuti kinywani. "Harufu nitaifua, mwanangu. Maneno ndiyo hayafuliki."