Nitrous iligoma kufunga kule Tororo, na mimi ndiye niliyempungia shemeji awashe gari

Wakuu, habari za humu ndani. Naandika kutoka Busia, upande wa Kenya.

Hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Leo naiacha ilivyo, na sitajipamba popote, maana mwenye makosa ndani yake ni mimi.

Kazi yangu ni fundi bomba. Nimeunga mabomba ya maji miaka kumi na moja: lojing, shule, nyumba za watu. Kwenye magari niliingia kwa sababu ya shemeji yangu Wandera, mume wa dada yangu Nekesa. Ana Subaru ya zamani anayokimbizia drag, zile mbio za magari mawili kwenye lami iliyonyooka, ukipepesa macho mshindi ameshajulikana.

Kwenye hiyo gari tumefunga nitrous. Kwa wasioijua, ni gesi inayokaa kwenye mtungi ndani ya buti. Inapita kwenye paipu hadi mbele, ikiingia inaipa injini nguvu za wazimu kwa sekunde chache. Kabla haijaingia inakutana na solenoid, yaani valvu ndogo ya umeme. Dereva akibonyeza kitufe kwenye usukani, valvu inafungua. Akiachia, inafunga.

Ikikataa kufungua, umeshindwa mbio tu. Ikikataa kufunga, unaweza kuzika mtu.

Sasa sikieni tunavyovuka. Mbio nyingi tunazoenda ziko upande wa Tororo. Gari likifika mpakani na mtungi umeungwa, maswali hayaishi. Kwa hiyo tulizoea hivi: mtungi unatangulia kwa lori la agent wa forodha na karatasi zake, gari linapita bila mtungi, tukifika ng'ambo naunga paipu upya. Wakati wa kurudi ni hivyo hivyo. Nafungua, nafunga, nafungua, nafunga. Kila safari.

Shida ilianza kidogo kidogo. Siku moja ya majaribio Wandera alishuka akaniambia, "Shem, nimeachia kitufe lakini gari imeendelea kuvuta."

Nikamuuliza imevuta kiasi gani.

"Kidogo. Kama nusu sekunde hivi."

Hiyo nusu sekunde niliibeba kichwani kutwa nzima.

Umeme wote wa gari ulifungwa na Twaha, jamaa wa Busia ya Uganda, rika langu, mtu mpole sana. Nikamwita. Alikuja na tester yake akapima mchana mzima, waya mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Waya iko sawa. Relay iko sawa. Wewe fungua hiyo valvu yako, angalia ndani. Hii kitu si ya umeme."

Wakuu, valvu niliifunga mimi kwa mikono yangu. Maneno yake yaliniingia vibaya. Nikamwambia mbele ya watu wa gereji arudi kufunga redio za pikipiki, magari ya mbio ameyaingilia.

Alikunja nyaya za tester, akaaga wengine, akavuka kwenda kwao.

Nikabadilisha mwenyewe ile relay, kiswichi kinachopeleka umeme kwenye valvu. Halafu nikafunga koki ya mtungi, gesi isipotee bure, nikaanza kubonyeza kitufe. Tik. Tik. Tik. Mara hamsini, haijakosa hata mara moja. Nikajiambia imepona. Lakini niwaambie ukweli, niliogopa. Mkono uliendelea kurudi kwenye kile kitufe hata bila kazi.

Asubuhi ya mbio Nekesa alinisimamisha mlangoni. Hapendi hizi mbio, ila hajawahi kumkataza mumewe. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Akitoa kidole, inakata?"

Nikamwambia inakata. Nikamwapia kabisa.

Tulivuka, nikaunga paipu, tukafika. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ruhusa, watu wamejaa pande zote, wauza chapati na mayai wako kazini. Na nani namwona kwenye umati? Twaha. Amekuja na mjomba wake kuangalia tu. Nikageuza uso.

Zamu ya Wandera ilifika. Mimi nilisimama kwenye mstari wa mwisho, pale wanapomalizia, kwa sababu ndipo kitufe kinapoachiwa. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu.

Nikasikia. Gari lilipita mstari na sauti haikushuka. Injini iliendelea kulia juu kabisa, taa za breki zinawaka, gari linayumba kushoto, linarudi, linayumba tena. Sijui nilipiga kelele gani.

Wandera alikata switch ya injini. Gari likaserereka na kusimama pembeni, tairi mbili kwenye majani.

Nikakimbia. Nikamkuta mzima, jasho linamtiririka, mikono bado iko kwenye usukani. Msimamizi wa mbio alikuwa anapiga filimbi tutoe gari barabarani, wengine wanasubiri.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mimi nilikuwa bado naamini ni umeme. Nikafungua boneti haraka, nikachomoa waya wa solenoid nikautupa pembeni. Kichwani mwangu kesi imeisha: waya umetoka, valvu imefunga. Nikampungia Wandera mkono. Washa, tutoke.

Akashika ufunguo.

Twaha alitokea sijui wapi. Aliingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo, akaubana kifuani. "Hapana! Sikia kwanza!"

Nikainama. Ssssss. Waya umetoka, injini imezimwa, na gesi inaendelea kuingia tu. Dakika yote hiyo tunayobishana na filimbi, injini ilikuwa inajaa gesi. Cheche moja ya kuwasha na ingelipuka, mimi nimeinamia pale juu, na Wandera ameketi nyuma ya usukani.

"Mtungi, funga mtungi," Twaha akasema, tena kwa utaratibu tu, kama anaagiza soda. Nikaenda kwenye buti. Koki ikanishinda. Yeye ndiye aliyeufunga.

Tukasukuma gari kwa mikono, tukaacha gesi itoke. Ilipokwisha kabisa nikaifungua ile solenoid, mgongo nimewapa watu. Ndani, kwenye raba ya kuziba, palikuwa na kipande cheupe kimekandamizwa. Kidogo, hakifiki punje ya mchele.

Nilikijua papo hapo. Tepe ya kuungia mabomba.

Fundi bomba hafungi kiungo bila tepe, ndiyo mazoea yetu. Lakini viungo vya ile paipu vimechongwa vikae chuma kwa chuma, havihitaji tepe. Mimi kila tukivuka nilikwangua ya zamani na kuzungusha mpya. Vipande vilikuwa vinakatika ndani, gesi inavisukuma hadi kwenye valvu. Bila gesi inalia tik tik vizuri kabisa, gesi ikipita kipande kinakwama, haifungi. Na mimi nilipima bila gesi.

Nikakifumbata. Hakuna aliyekiona. Wandera akauliza nyuma yangu kama nimepata kitu, na naapa jibu la "hamna, ni solenoid mbovu" lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikageuka, nikafungua kiganja. Nikamwambia Twaha, mbele ya watu, kwamba ni mimi, na kwamba yale maneno ya gereji nilimkosea. Alikitazama kile kipande, akasema, "Basi. Tuoshe paipu."

Wenye nitrous, msikie kwa mtu aliyeponea chupuchupu: tepe isikaribie hiyo paipu. Pimeni valvu gesi ikiwa ndani, lakini paipu ya mbele imechomolewa isiingize kwenye injini, injini imezimwa, boneti wazi. Na ikigoma kufunga, mtungi kwanza, ufunguo usiguswe.

Jioni nilimweleza Nekesa yote, hadi ile ya kupunga mkono. Wandera alikuwa amemficha hiyo. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na kama Twaha angekaa na hasira zake?"

Wiki ya tatu hii, swali hilo bado natembea nalo. Mwenye kujua mtu anajibu nini hapo, aniandikie chini.